Kwa nini dawa inayomponya mmoja humwangusha mwingine

Watu wawili wanaandikiwa dawa moja, kwa dozi moja na ugonjwa mmoja. Wa kwanza anapona, na baada ya mwezi hata jina la dawa halikumbuki. Wa pili, siku ya kumi na mbili, anaamka na homa, macho yanamchoma, midomo imechubuka, na ngozi ya kifua inamuuma kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Hapo maneno huwa mengi. Wapo watakaosema dawa ilikuwa kali mno, wengine kwamba ilikuwa bandia au imepitwa na muda. Na hakosekani wa kumwambia avumilie, amalize dozi, kwa sababu "sumu inatoka mwilini".

Ushauri huo wa mwisho ni wa hatari kuliko yote. Hakuna sumu inayotoka. Kinachoendelea ni kwamba kinga ya mwili imegeukia ngozi ya mwenye nayo, na kila kidonge kinachoongezwa ni kuni kwenye moto. Ili kuelewa kwa nini jambo hili humpata mmoja na kumwacha mwingine, inabidi kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo mitaani vyote huitwa "dawa imenikataa".

Si kila adha ni mzio

Cha kwanza ni maudhi madogomadogo ya dawa. Haya hutokana na kazi ile ile ya dawa, na kwa kawaida hufuata dozi: ukinywa zaidi, yanazidi. Antibiotiki huua bakteria wa ugonjwa, lakini haichagui, hivyo huua pia bakteria wema wa utumboni na mtu huharisha. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali inayoleta maumivu, ila kemikali hiyo hiyo hulinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo tumbo huungua. Sehemu kubwa ya madhara ya dawa yanayoripotiwa duniani ni ya aina hii, na kinga ya mwili haihusiki kabisa.

Cha pili ni udhaifu wa kuzaliwa nao katika namna mwili unavyoishughulikia dawa. Mfano mzuri ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mwenye upungufu huo akimeza primakwini (dawa ya malaria) au daposoni (dawa ya ukoma), chembe nyekundu za damu hupasuka, mkojo huwa mweusi, na macho yanaweza kuwa ya manjano. Ni hatari kweli, ila bado si mzio.

Cha tatu ndicho mzio wenyewe, yaani kinga ya mwili kuitambua dawa kama adui na kuishambulia. Neno la kitabibu la hali hii, "allergy" kwa Kiingereza, lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya "tendo tofauti". Alichagua vizuri. Dawa haijabadilika, mwili ndio unaotenda tofauti. Ndiyo maana kumlaumu aliyetengeneza dawa, au mgonjwa kwamba alikosea masharti, mara nyingi hakutufikishi popote.

Adui mdogo asiyeonekana, mpaka ajishikize

Kuna fumbo hapa linalostahili kutazamwa kwa karibu. Kinga ya mwili imezoea kutambua vitu vikubwa kama protini za bakteria na virusi. Molekuli ya dawa ni ndogo mno kuonekana na walinzi hao. Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, ina uzito wa karibu mara 200 ya molekuli moja ya penisilini. Sasa kinga huionaje?

Huiona pale dawa inapojibandika kwenye protini ya mwili. Ndani ya penisilini kuna pete ndogo yenye pembe nne, iliyokunjwa kwa nguvu kama springi. Pete hiyo ndiyo inayoifanya iue bakteria. Lakini pete ikifunguka ndani ya damu, huishika albumini na kung'ang'ania. Mfikirie jirani unayemjua miaka yote, leo amepita getini na karatasi nyekundu imebandikwa usoni. Mlinzi hamtambui tena. Karatasi peke yake ikiwa imedondoka barabarani asingeijali, na jirani mwenyewe asingemzuia. Ni viwili hivyo kwa pamoja vinavyopiga king'ora. Aliyeonyesha jinsi chembe ndogo zinavyoweza kuamsha kinga kwa njia hii ni Karl Landsteiner, yule yule aliyegundua makundi ya damu.

Dawa nyingine hazijibandiki zenyewe. Sulfamethoksazoli, iliyo ndani ya antibiotiki iitwayo kotrimoksazoli, hupitia kwenye ini kwanza, na huko sehemu yake hugeuzwa kuwa kemikali kali inayoshika protini. Mwili una kizimamoto chake kwa ajili hiyo, kiitwacho glutathioni. Kizimamoto hicho kikipungua, mabaki hayo hubaki mengi. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini watu wanaoishi na VVU hupata upele wa kotrimoksazoli mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Mzio wa dakika

Mzio wa dawa una sura nyingi, na mwaka 1963 wanasayansi wawili Waingereza, Philip Gell na Robin Coombs, waliugawa katika aina nne. Mgawanyo huo bado hufundishwa, lakini kwa msomaji wa kawaida kitu cha maana kuliko vyote ni saa. Je, balaa lilianza dakika ngapi, au siku ngapi, baada ya dawa?

Mzio wa haraka huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Huwa na hatua mbili. Katika hatua ya kwanza mtu hatambui lolote: anatumia dawa, anapona, huku kinga yake ikitengeneza kimyakimya kingamwili, yaani protini za ulinzi, za kundi la IgE zinazolingana na dawa hiyo. Kingamwili hizo huenda kukaa juu ya seli ziitwazo seli masti, zilizotapakaa chini ya ngozi, kwenye njia ya hewa, utumboni na kandokando ya mishipa ya damu. Kila seli masti imejaa vifuko vya histamini na kemikali nyingine. Ni kama mtego uliotegwa ukaachwa.

Dawa ikirudi, hata miezi au miaka baadaye, hunasa kwenye kingamwili hizo na mitego yote hufyatuka kwa wakati mmoja. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, presha hushuka, ngozi huvimba na kuwasha, njia ya hewa hubana, tumbo husokota. Hali hii ikishika zaidi ya sehemu moja ya mwili, au ikaangusha presha, huitwa anafilaksia. Jina hilo lilitolewa na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier mwaka 1902. Walikuwa wakiwapa mbwa sumu ya mnyama wa baharini wakitumaini kuwajengea kinga. Badala yake, mbwa waliovumilia dozi ya kwanza walikufa haraka kwa dozi ndogo zaidi waliyopewa wiki kadhaa baadaye. Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Ugunduzi huo unafuta dhana mbili kwa mpigo. Ya kwanza: "Nimeitumia dawa hii zamani bila shida, basi ni salama." Kuitumia zamani ndiko kunakoweza kuwa kulitega mtego. Ya pili ni kinyume chake: "Sijawahi kuitumia, kwa hiyo siwezi kuwa na mzio nayo." Mtego unaweza kutegwa na kitu kinachofanana na dawa. Folkodini, dawa ya kikohozi iliyouzwa miaka mingi, ilibainika kuamsha kingamwili zinazotambua pia dawa za kulegeza misuli zinazotumika kwenye upasuaji. Mtu alimeza sharubati ya kikohozi, kisha akaanguka kwenye meza ya upasuaji. Setuksimabu, dawa ya saratani, iliwaletea baadhi ya wagonjwa anafilaksia katika dripu ya kwanza kabisa. Uchunguzi ulifika kwa kupe: kung'atwa na kupe wa aina fulani kulikuwa kumewajengea kingamwili dhidi ya sukari ambayo imo pia ndani ya dawa hiyo.

Anafilaksia ikianza, dawa yake ni adrenalini, na hakuna nyingine inayochukua nafasi yake. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Si chini ya ngozi, na si mkononi. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya adrenalini yenye miligramu 1 kwa kila mililita. Mtoto hupewa miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mwenye kilo 20 anapata 0.2. Hali isipotengemaa baada ya dakika 5, dozi hurudiwa. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Akiwa anahema kwa shida aachwe akae, na akiwa amepoteza fahamu alazwe ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa. Presha ikiwa chini, kumwinua ghafla kunaweza kuunyima moyo damu, na wapo waliokufa wakati huo huo wa kusimama.

Kosa linalorudiwa sana ni kuanza na kidonge au sindano ya antihistamini, kisha kungoja. Antihistamini hupunguza kuwashwa na vipele. Haifungui njia ya hewa wala kupandisha presha, na inafanya kazi polepole mno kwa hali inayoweza kuua ndani ya nusu saa. Baada ya nafuu, mgonjwa hubaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa kwa baadhi ya watu dalili hurudi upya bila dawa kuongezwa.

Zinazofanana na mzio wa haraka, lakini mlango ni mwingine

Kuna dawa zinazofyatua seli masti moja kwa moja, bila kingamwili yoyote. Antibiotiki ya vankomaisini ikipitishwa kwa kasi mishipani hufanya shingo na uso viwe vyekundu na kuwasha. Gramu moja inapaswa kuchukua angalau dakika 60, na mara nyingi kupunguza kasi ya dripu kunatosha kuzuia tatizo lisijirudie. Mofini nayo ina tabia hiyo. Hapa mtu anaweza kuathirika mara ya kwanza kabisa.

Aspirini na jamaa zake zina njia yao. Kwa baadhi ya watu wenye pumu, hasa waliowahi kuota vinyama puani, dawa hizi huziba njia moja ya kemikali mwilini na malighafi yote hukimbilia njia ya pili, inayozalisha kemikali za kubana kifua. Mtu wa namna hii akibadilishiwa aspirini kwa ibuprofeni hajaokolewa, maana zote hupita njia moja.

Halafu zipo dawa za presha za kundi la kaptoprili, enalaprili na lisinoprili. Hizi zinaweza kuvimbisha midomo, ulimi na koo bila kuwasha na bila vipele, na zinaweza kufanya hivyo baada ya miezi au hata miaka ya kutumika vizuri. Anayemeza dawa kila asubuhi kwa miaka mitatu hawezi kuishuku, na mara nyingi hata anayemhudumia haishuku. Uvimbe huo hautokani na histamini bali na kemikali iitwayo bradikinini, ambayo dawa hizi huzuia isivunjwe. Kwa sababu hiyo antihistamini haisaidii, na adrenalini nayo huwa na msaada mdogo. Tatizo hili huwapata watu weusi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Ulimi ukivimba hata mara moja, kundi hilo lote la dawa liachwe moja kwa moja.

Mzio wa wiki

Sasa tunarudi kwa yule mgonjwa wa siku ya kumi na mbili. Mzio wake ni wa polepole, na hapa kingamwili za IgE hazihusiki. Kazi hufanywa na seli T, askari wa kinga wenye uwezo wa kuua seli nyingine. Swali la kwa nini yeye na si mwenzake lina jibu zuri zaidi katika kundi hili.

Karibu kila seli ya mwili wako ina, juu ya uso wake, vitu mfano wa masinia madogo. Kwenye masinia hayo seli huanika vipande vya protini zilizo ndani yake, na seli T hupita zikikagua: hiki ni chetu, hiki ni chetu, hiki si chetu. Kirusi kikiwa ndani ya seli, vipande vyake huonekana kwenye sinia na seli hiyo huuawa. Masinia hayo huitwa HLA. Umbo lake tunalirithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na duniani yapo maelfu ya maumbo. Utofauti huo ni ulinzi kwa binadamu wote, kwa sababu ugonjwa mmoja hauwezi kumdanganya kila mtu. Lakini una gharama: umbo fulani la sinia linaweza kukaribisha dawa fulani.

Abakaviri, dawa ya VVU, ndiyo iliyoeleweka vizuri kuliko zote. Kwenye sinia la umbo liitwalo HLA-B*57:01, abakaviri hujipenyeza chini ya pale vipande vinapokaa, kama kabari. Sakafu ya sinia hubadilika, na vipande ambavyo havijawahi kukaa hapo sasa vinakaa. Vyote ni vya mwili wenyewe, lakini seli T hazijawahi kuviona hapo, na hudhani nyumba imevamiwa. Kabla kipimo hakijaanza kutumika, watu kama 5 hadi 8 kati ya 100 walioanzishiwa abakaviri walipata mzio: homa, upele, kutapika, kikohozi, kwa kawaida ndani ya wiki 6 za mwanzo. Uhusiano na jeni ya sinia hilo ulitangazwa mwaka 2002. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kupima jeni kwanza, na kuwanyima abakaviri wenye nayo, karibu kunauondoa mzio huo kabisa. Aliyewahi kupata mzio wa abakaviri asirudishiwe kamwe, maana mara ya pili presha huanguka ndani ya saa chache na mtu anaweza kufa.

Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwapima wagonjwa 44 waliobanduka ngozi kwa sababu ya kabamazepini, dawa ya kifafa. Wote 44 walikuwa na HLA-B*15:02. Umbo hilo ni la kawaida katika sehemu kubwa za kusini-mashariki mwa Asia na ni adimu sana Afrika na Ulaya. Alopurinoli, dawa ya gauti, nayo ina umbo lake, HLA-B*58:01.

Ila jeni peke yake haitoshi. Wengi wenye HLA-B*58:01 humeza alopurinoli na hawapati chochote, na hata kwa abakaviri ni karibu nusu tu ya wenye sinia lile wanaopata mzio. Lazima mambo mengine yakutane: askari wa kinga wanaolingana na kile kilichoanikwa, virusi vilivyoiamsha kinga wakati huo, figo zinazoshindwa kutoa mabaki ya dawa, na kasi ambayo dawa iliingizwa mwilini.

Hilo la kasi linastahili kusisitizwa, kwa sababu watu husikia kwamba "mzio haujali dozi" na kuliamini moja kwa moja. Kwa mzio wa haraka ni kweli kwamba kiasi kidogo sana kinatosha. Kwa mzio wa wiki, namna ya kuanza dawa hubadilisha hatari. Lamotrijini ya kifafa huanzwa kwa miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2 nyingine, ndipo ipandishwe taratibu. Mtu akiwa anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, huanza na 25 siku moja baada ya nyingine, kwa kuwa valproeti huzuia lamotrijini isitoke mwilini. Nevirapini ya VVU huanzwa mara moja kwa siku kwa siku 14 kabla ya kuwa mara mbili. Alopurinoli huanzwa kwa miligramu 100 au chini yake, na chini zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Mgonjwa anayeona dozi ya mwanzo ni ndogo mno na kuiongeza mwenyewe anavunja uzio uliowekwa kwa makusudi. Na aliyeacha lamotrijini kwa zaidi ya siku tano hivi asirudie dozi aliyoishia bila kumuuliza daktari. Mara nyingi huanza upya kutoka chini.

Upele upi wa kutisha

Upele mwingi wa dawa ni mwekundu, unawasha, hauna homa kali, na huisha dawa ikiachwa. Unaotisha una alama zake. Homa na maumivu ya koo au macho hutangulia ngozi kwa siku moja au mbili, kama mafua. Ngozi inauma kuliko inavyowasha. Madoa huwa ya zambarau au meusi katikati. Midomo, ndani ya mdomo, macho au sehemu za siri hupata vidonda. Malengelenge hutokea, na ngozi iliyoonekana nzima huteleza na kubanduka ikisuguliwa kidogo kwa kidole. Majimaji ya malengelenge hayo yana wingi wa granulisini, protini ambayo seli T huimwaga kuua seli. Ngozi imeuawa kutoka ndani, ndiyo maana huachia kama shuka.

Hiyo ni sindromu ya Stevens-Johnson, iliyoitwa kwa majina ya madaktari Wamarekani waliowaeleza watoto wawili wenye hali hiyo mwaka 1922. Madaktari huipima kwa kiganja: kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni sawa na asilimia 1 ya ngozi yake. Iliyobanduka ikiwa chini ya viganja 10, hubaki na jina hilo, na hufa watu chini ya 10 kati ya 100. Ikizidi viganja 30, hupewa jina la nekrolisisi ya epidemi yenye sumu, na hufa karibu 30 kati ya 100 au zaidi. Huanza kati ya siku 4 na 28 tangu dawa ianzwe. Washukiwa wakuu wanajulikana: kotrimoksazoli na dawa nyingine za salfa, alopurinoli, kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni, lamotrijini na nevirapini.

Kuna ndugu yake ambaye huchelewa zaidi, kati ya wiki 2 na 8: homa, upele ulioenea, uso uliovimba hasa kuzunguka macho, tezi zilizovimba, na ini linaloanza kuugua. Kwa kuwa dawa imeshazoeleka, wengi hutibiwa kwanza malaria au taifodi.

Alama hizi zikionekana, dawa inayoshukiwa isimezwe tena hata kidonge kimoja, na mtu afike hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Abebe pakiti za dawa zote alizotumia kwa wiki 8 zilizopita, zikiwemo za kienyeji na alizonunua mwenyewe. Dawa za kifafa na za VVU zinahitaji mbadala haraka, na huo hupangwa na daktari. Kuacha mapema kunaokoa, hasa kwa dawa zinazotoka mwilini upesi. Salfadoksini ya malaria, ambayo huchukua siku nyingi kutoka, huendelea kuwasha moto hata baada ya kuachwa. Hospitalini mgonjwa hutunzwa kama aliyeungua: maji, lishe, kuzuia maambukizi, dawa ya maumivu ya kutosha. Na macho yaangaliwe na daktari wa macho tangu siku ya kwanza. Ngozi hurudi, jicho lililoshikana na kope lake huweza kupofuka miezi baadaye, wakati kila mtu anadhani mambo yamekwisha.

Mzio usiokuwepo

Upande wa pili wa shilingi nao una wahanga wake. Nchini Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 ana rekodi ya mzio wa penisilini, lakini wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 wao hawana. Baadhi waliharisha tu. Wengine walikuwa watoto wenye upele wa kirusi. Kwa ugonjwa wa virusi vya Epstein-Barr, amoksisilini huleta upele kwa wengi bila mzio wa kudumu. Na hata mzio wa kweli wa haraka hufifia: baada ya miaka 10, karibu 8 kati ya 10 hawanao tena. Kubandikwa jina hilo bure kuna gharama, kwa sababu mtu hupewa antibiotiki pana zaidi, wakati mwingine dhaifu zaidi kwa ugonjwa wake, na bakteria sugu hupata nafasi.

Kuliondoa jina hilo ni kazi ya hospitali: maswali ya kina, kipimo cha ngozi, kisha dozi ya majaribio chini ya uangalizi. Usijipime nyumbani. Tena ieleweke kwamba kipimo cha ngozi cha penisilini hutafuta mzio wa haraka peke yake; hakiwezi kusema lolote kuhusu kubanduka ngozi. Hali ni hiyo hiyo kwa njia ya kuuzoesha mwili, ambapo huanzwa na sehemu ndogo sana ya dozi, pengine moja ya elfu kumi, na kuiongeza maradufu kila dakika 15 hadi 30. Humsaidia, kwa mfano, mjamzito mwenye kaswende na mzio wa haraka wa penisilini, maana hana mbadala wa kuaminika. Uvumilivu huo hudumu wakati dawa inaendelea tu. Kwa aliyewahi kubanduka ngozi, njia hiyo ni marufuku.

Undugu wa dawa nao hukuzwa au kupuuzwa. Zamani ilisemwa mtu 1 kati ya 10 mwenye mzio wa penisilini ataathirika na sefalosporini, antibiotiki za jamii ya karibu. Makadirio ya sasa ni karibu 2 kati ya 100, na kinachoamua ni kufanana kwa mkia wa molekuli. Kinyume chake, aliyebandukwa ngozi na kabamazepini asipewe fenitoini wala fenobabitoni, maana hizi hufanana kweli. Mzio wa antibiotiki za salfa haumzuii mtu kutumia furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, licha ya kwamba zote zina kipande cha salfa. Kinachoamsha kinga ni kipande kingine ambacho furosemidi haina.

Kinachomlinda mtu kwa miaka inayofuata ni maandishi. "Ana mzio wa salfa" hayatoshi. Kadi nzuri husema hivi: "Kotrimoksazoli, miligramu 960, mara mbili kwa siku, mwezi Machi 2021. Siku ya 11: homa, vidonda mdomoni na machoni, malengelenge kifuani. Alilazwa siku 16. Dawa nyingine alizokuwa anatumia: parasetamoli." Anayeisoma anajua papo hapo kwamba huu si mzio wa haraka, kwamba kipimo cha ngozi hakifai, na kwamba salfadoksini pia ni mwiko. Kadi ikae pamoja na kitambulisho, picha yake iwe kwenye simu, na ndugu mmoja ajue ilipo.

Na wale ndugu wa damu waambiwe pia. Sinia la HLA lililomponza mtu alilirithi kwa mzazi, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana angalau nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nalo. Wakiandikiwa siku moja kabamazepini au alopurinoli, neno hilo moja kwa daktari kabla ya kidonge cha kwanza linaweza kubadilisha dawa atakayoichagua.